Beethoven namba 9: Furtwängler 1951, Karajan 1962, Bernstein 1989 au Gardiner 1992, uchukue rekodi ipi?

Ukiandika "Beethoven 9" kwenye apu ya muziki zinamwagika rekodi kibao, kila moja ina jina la mwongozaji, jina la orkestra na mwaka, na hamna kitu kinachokwambia zinatofautiana vipi. Na zinatofautiana kweli kweli. Kati ya hizi nne nitakazoziongelea hapa, ya haraka inaisha kwa kama saa moja tu na ya taratibu inakaribia dakika 78, noti zile zile, maneno yale yale. Ndo maana mtu anaweza akasikiliza rekodi moja akasema huu muziki haunigusi kabisa, kumbe angepewa nyingine angebaki mdomo wazi.

Nimechukua hizi nne kwa sababu kila moja ina nguvu ya aina yake. Wengi wanaotafuta muziki mkubwa wa orkestra wanasema tu nataka kitu chenye nguvu, basi, af wanaishia kuchagua ile inayopiga kelele zaidi dakika ya kwanza. Kwenye hii kazi nguvu inaweza ikatoka kwenye uzito, inaweza ikatoka kwenye orkestra kupiga kwa pamoja bila kuyumba hata kidogo, inaweza ikatoka kwenye tukio la siku yenyewe, au kwenye kasi. Ukishajua we unatafuta ipi, kazi imepungua nusu.

Kazi yenyewe, kwa ambaye bado

Simfoni namba 9 ya Ludwig van Beethoven, opus 125, ilipigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 7 Mei 1824, yeye mwenyewe akiwa ameshakuwa kiziwi. Ina sehemu nne. Ya kwanza inaanza kwa sauti ndogo sana, fidla zinatetemeka tu kwa chini, af ghafla orkestra nzima inashuka pamoja. Ya pili ni ya mbio, na humo timpani, zile ngoma za orkestra zenye umbo la sufuria, zinapewa nafasi ya kugonga peke yake, kitu ambacho ukikisikia mara moja hukisahau. Ya tatu ni ya taratibu na watu wengi wanairuka ili wafike kwenye kuimba, naomba usifanye hivyo, maana bila ule utulivu wa sehemu ya tatu mlipuko wa ya nne unapoteza nusu ya maana yake. Ya nne ndo wanaimba, waimbaji wanne wa solo na kwaya, maneno yametoka kwenye shairi la Friedrich Schiller la 1785 kuhusu furaha na binadamu wote kuwa ndugu. Melodi yake yaelekea unaijua tayari, imeingia kwenye vitabu vya nyimbo vya makanisa mengi na Umoja wa Ulaya unaitumia kama wimbo wake tangu 1985.

Na huku kwetu Afrika inapigwa pia. Kinshasa kuna Orchestre Symphonique Kimbanguiste, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, na filamu iliyotoka 2010 inawaonyesha wakifanya mazoezi ya hii hii namba 9, kwaya yao inaimba Kijerumani. Ukiwaona wanavyopambana na kurasa zile utaelewa hii kazi ni ngumu kiasi gani, na hasa kwa kwaya. Kuna mahali soprano wanashikilia noti ya A ya juu, kipimo baada ya kipimo (vile vipande vidogo vinavyogawanya muziki kwenye karatasi ya noti), huku sauti nyingine zote zinakimbia chini yao. Kama umewahi kuimba soprano kwenye kwaya yoyote unajua hapo koo linafanyaje.

Nitazipima kwa vipi

Vigezo vyangu ni vinne na nitavitumia kwa wote.

Cha kwanza ni *sauti ya rekodi*, yani ni mono (sauti moja tu kwa spika zote) au sterio (kushoto na kulia tofauti), ina mvumo wa mkanda au ni safi, na muhimu zaidi, umbali kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Hili la mwisho watu hawaliangalii wakati ndo linaloamua kama utafurahia au la. Rekodi yenye umbali mkubwa ni raha ukiwa chumbani na spika nzuri, ila kwenye daladala utasikia kimya dakika mbili af utashtuliwa.

Cha pili ni *mwendo na nguvu*, yani anakimbia au anatembea, na ule ukubwa anautoa wapi. Cha tatu, *kwaya na waimbaji*, maana robo saa ya mwisho ni yao. Cha nne, *inamfaa nani*.

Wapo waongozaji wengine wa maana ambao nimewaacha nje, mfano Ferenc Fricsay na Berlin Philharmonic, ambako Dietrich Fischer-Dieskau ndo anaimba besi, ile nayo ni nzuri mno. Lakini nikiongeza ya tano na ya sita utarudi pale pale ulipokwama.

Wilhelm Furtwängler, Bayreuth, 29 Julai 1951

Hii ni laivu. Tamasha la Bayreuth, Ujerumani, ambalo ni la opera za Richard Wagner, lilikuwa limefungwa tangu vita, na lilikuwa na doa kubwa kwa sababu Hitler alikuwa mgeni wake wa kila mara, sasa 1951 linafunguliwa upya na wanaamua kufungua kwa namba 9, sio kwa opera ya Wagner. Kuna historia hapo, Wagner mwenyewe aliipiga namba 9 mjini Bayreuth mwaka 1872 siku ya kuweka jiwe la msingi la jumba lake. Furtwängler naye alikuwa amebaki Ujerumani karibu kipindi chote cha Wanazi na baada ya vita akahojiwa kabla ya kuruhusiwa tena kupiga. Kwa hiyo ukumbi ule siku ile ulibeba mambo mengi, na mi naamini yanasikika.

*Sauti ya rekodi.* Mono, ya zamani, timpani zinasikika kama ziko nyuma ya ukuta, na pale kwaya nzima inapofungua mdomo sauti inabanwa. Watazamaji wanakohoa. Lazima nikuambie mapema maana kuna watu hawawezi kuvumilia mono na hilo sio kosa lao. Jambo lingine, hii rekodi imetolewa na lebo nyingi sana na hazilingani. EMI waliitoa kwanza mwaka 1955, Furtwängler alishafariki, na miaka mingi baadaye Orfeo wakatoa mkanda wa redio ya Bavaria ambao sehemu kadhaa sio sawa na wa EMI, na mpaka leo wapenzi wa Furtwängler wanabishana kipi ni cha onyesho lenyewe na kipi ni cha mazoezi. Kwa mara ya kwanza chukua yoyote kati ya hizo mbili, epuka zile za bei ya kutupa zisizoeleza zimetoka wapi.

*Mwendo na nguvu.* Jumla kama dakika 74, na sehemu ya tatu peke yake inakula zaidi ya dakika 19. Ila usifikiri ni ya polepole tu, huyu mtu anabadilisha mwendo kila mara, anavuta, anaachia, anasubiri, af anarusha. Nguvu yake ni ya uzito na ya kusubiri. Katikati ya sehemu ya kwanza, pale timpani zinaponguruma mfululizo na ile mada ya mwanzo inarudi ikiwa imefura, huku kwa Furtwängler unahisi kitu kinaanguka kutoka juu kabisa. Na mwisho wa kazi anakimbiza orkestra mpaka inakaribia kusambaratika, vile vipimo vya mwisho vyombo vinapishana kabisa, na bado ndo mwisho unaonipandisha mapigo ya moyo kuliko mwingine wowote.

*Kwaya na waimbaji.* Elisabeth Schwarzkopf, Elisabeth Höngen, Hans Hopf na Otto Edelmann, na kwaya ya tamasha. Kuna neno la kusikiliza hapa, pale kwaya inapofika "vor Gott", mbele za Mungu, inashikilia ile kodi (noti kadhaa kwa pamoja), na Furtwängler anaishikilia muda ambao hakuna mwingine kati ya hawa anayethubutu, sauti inazidi kukua tu, unaanza kujiuliza watapumua saa ngapi. Af kimya. Af basuni (filimbi ndefu za sauti nzito) na ngoma kubwa zinaanza maandamano yale madogo kwa chini.

*Inamfaa nani.* Mtu anayetaka kuguswa kuliko kushangazwa na ubora wa spika zake. Pia mtu ambaye ameshaisikia namba 9 kidogo, kwa sababu uzuri wa Furtwängler ni kwenye vile anavyoivuta na kuivunja, na ili usikie kilichovunjwa inabidi ujue kilivyokuwa.

Herbert von Karajan, Berlin Philharmonic, 1962

Hii ilirekodiwa Oktoba na Novemba 1962 ndani ya kanisa la Jesus-Christus-Kirche, mtaa wa Dahlem, Berlin, ikiwa sehemu ya seti ya simfoni zote tisa ambayo Deutsche Grammophon waliitoa 1963. Tahadhari moja ya lazima: Karajan ameirekodi namba 9 mara kadhaa, na hao Berlin Philharmonic peke yao kuna ya 1962, ya miaka ya 70 na ya miaka ya 80. Ninayoiongelea ni ya 1962, wenye solo ni Gundula Janowitz, Hilde Rössel-Majdan, Waldemar Kmentt na Walter Berry. Ukiona majina mengine hiyo sio yenyewe.

*Sauti ya rekodi.* Sterio, na kwa umri wake inashangaza. Lile kanisa lina mwangwi mzuri wa asili, besi zina mwili, fidla zinang'aa bila kuchoma masikio. Ukiweka sauti juu haikuchoshi.

*Mwendo na nguvu.* Kama dakika 67, mwendo wa katikati kuelekea haraka, na ukishaanza hautetereki. Nguvu yake inatoka kwenye umoja, orkestra nzima inapumua mara moja na kupiga mara moja, sehemu ya pili ule mdundo wake ni kama mashine ila mashine yenye damu ndani. Anayetoka kwa Furtwängler ataona huku hamna hatari, kila kitu kimepangwa, na ni kweli. Mwingine ataona hiyo ndo raha yenyewe, kusikia kila noti ikiwa mahali pake na bado ikiwa na moto.

*Kwaya na waimbaji.* Waimbaji wanne hawa ni kati ya vikundi bora ambavyo kazi hii imewahi kupata kwenye studio. Janowitz alikuwa bado kijana, sauti nyembamba iliyonyooka inapanda juu kabisa bila kutetemeka sana, na Berry anapofungua ile sehemu ya kuimba anaimba kama mtu anayeongea na rafiki zake, maana ndo maneno yenyewe, enyi rafiki, sio sauti hizi. Kwaya ni Wiener Singverein kutoka Vienna, na hapa ndo nina lawama yangu moja, wamewekwa nyuma kidogo, maneno hayasikiki vizuri kama unavyotaka. Mtu wa kwaya ataliona hilo haraka.

*Inamfaa nani.* Anayeanza, anayetaka kujua kazi ilivyo bila mwongozaji kuweka mkono wake mzito kila mahali. Anayetaka rekodi moja ya kukaa nayo miaka. Na mwenye spika za kawaida, kwa sababu hii inasikika vizuri karibu popote.

Leonard Bernstein, Berlin Mashariki, 25 Desemba 1989

Ukuta wa Berlin ulifunguliwa 9 Novemba 1989. Wiki sita na ushee baadaye, asubuhi ya Krismasi, Bernstein akiwa na miaka 71 anaipiga namba 9 kwenye ukumbi wa Schauspielhaus, upande wa mashariki. Msingi wa orkestra ni ile ya redio ya Bavaria kutoka Ujerumani Magharibi, wakaongezwa wapigaji kutoka Dresden ya Ujerumani Mashariki, na kutoka Leningrad, London, New York na Paris, yani zile nchi nne zilizoigawana Berlin baada ya vita zote zina watu wake jukwaani. Kwaya nayo imechanganywa magharibi na mashariki na kuna kwaya ya watoto kutoka Dresden. Na Bernstein akafanya jambo ambalo wengine walilikubali na wengine walikasirika, kila palipoandikwa "Freude", furaha, waliimba "Freiheit", uhuru.

*Sauti ya rekodi.* Dijitali, laivu, ukumbi unasikika mkubwa na wenye watu. Sio safi kama ya studio, mara nyingine kwaya na orkestra vinagombania nafasi, lakini hewa ya ule ukumbi imo. Video yake ipo pia na nakushauri uione walau sehemu ya nne.

*Mwendo na nguvu.* Ndo ndefu kuliko zote hapa, dakika 78 hivi, sehemu ya tatu inafika dakika 20. Kuna mahali inaburuta, kusema kweli, sehemu ya kwanza hasa, na orkestra ya watu waliokusanywa kutoka miji sita haiwezi kuwa na umoja wa Berlin Philharmonic ya Karajan. Anayesikiliza kwa kutafuta ufundi atakuta makosa. Ila nguvu ya hapa ni ya tukio, na sehemu ya nne inapofika kila mtu jukwaani anaimba na kupiga kwa sababu anayajua maneno yanamaanisha nini leo. Sisi ambao tumekulia na nyimbo za uhuru tunalijua hilo, wimbo unaoimbwa siku yake una kitu ambacho hakirudi ukiimbwa siku nyingine.

*Kwaya na waimbaji.* June Anderson, Sarah Walker, Klaus König na Jan-Hendrik Rootering. Rootering ana sauti nzito, na pale anapoitamka "Freiheit" ya kwanza peke yake kabla kwaya haijamjibu, hiyo ndo sekunde ambayo rekodi nzima ilikuwa inaisubiri. Kwaya ni kubwa na inasikika mbele, watoto wanaongeza mng'ao juu.

*Inamfaa nani.* Anayependa muziki wenye habari nyuma yake. Familia inayotaka kuangalia pamoja kwenye TV. Mtu asiyeona shida na mwendo wa taratibu. Kama unataka kujifunza kazi yenyewe kwa maneno yake ya asili, anzia kwingine, maana hapa neno kuu limebadilishwa. Na Bernstein huyo huyo ana namba 9 nyingine, na New York Philharmonic na baadaye Vienna Philharmonic, kwa hiyo angalia mwaka. Alifariki 14 Oktoba 1990, hata miezi kumi haikupita.

John Eliot Gardiner, Orchestre Révolutionnaire et Romantique, 1992

*Sauti ya rekodi.* Safi kabisa, ya studio, dijitali, lebo ya Archiv, iko ndani ya seti iliyotoka 1994. Kila chombo unakiona kilipokaa.

*Mwendo na nguvu.* Kama saa moja tu. Gardiner na wenzake wanatumia vyombo vya aina ya wakati wa Beethoven, fidla zenye nyuzi za utumbo, horni zisizo na vali, timpani zinazogongwa na fimbo ngumu, na wanajaribu kufuata namba za mwendo alizoandika Beethoven mwenyewe kwa metronomu, kile kifaa cha kupimia mwendo. Sehemu ya tatu inayochukua dakika 19 au 20 kwa Furtwängler na Bernstein, hapa inaisha kwa 12. Mara ya kwanza unaweza ukadhani wamekosea kubonyeza. Endelea kusikiliza. Ile melodi ikienda haraka inageuka kuwa wimbo wa kuimbika, ina pumzi, na mapambo ya fidla juu yake yanatiririka badala ya kusimama simama. Na sehemu ya pili sasa, zile timpani! Fimbo ngumu juu ya ngozi, zinapasua kabisa, hamna rekodi nyingine kati ya hizi ambapo timpani zinakukamata shingoni hivi. Nguvu ya hapa ni ya kasi na ya makali. Unachopoteza ni uzito, ule ukubwa wa kutisha wa sehemu ya kwanza hapa ni mwembamba zaidi, na mtu aliyezoea orkestra kubwa ataona kama kuna kitu kimepungua chini.

*Kwaya na waimbaji.* Monteverdi Choir, wachache kuliko kwaya za wale wengine, lakini usafi wao! Pale sauti nne zinapokimbizana kwenye fuga unaweza kumfuata alto peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo kwa Karajan na Bernstein ni gumu. Solo ni Luba Orgonasova, Anne Sofie von Otter, Anthony Rolfe Johnson na Gilles Cachemaille, sauti nyepesi zinazoendana vizuri.

*Inamfaa nani.* Walimu wa kwaya na wanakwaya wanaotaka kusikia muundo ndani. Vijana wanaosema klasiki inalaza. Mtu anayependa ngoma. Na mtu mwenye saa moja tu.

Jaribio la dakika chache

Kama hutaki kusikiliza saa nne na nusu na ushee zote kabla ya kuchagua, fungua sehemu ya nne tu kwa kila moja na sikiliza kuanzia mwanzo mpaka anapoanza kuimba mtu wa kwanza. Ni dakika sita au saba hivi kwa kila rekodi na kila kitu kimo.

Inaanza na kelele ya kutisha, vyombo vya kupuliza na timpani vinapiga kodi inayogombana yenyewe. Selo na besi zinajibu peke yake kama mtu anaongea. Zinakumbushwa sehemu ya kwanza, zinakataa, ya pili, zinakataa, ya tatu, zinasita kidogo af zinakataa. Halafu ndo ile melodi inakuja, selo na besi tupu, chini kabisa, hamna kitu kingine. Kisha inapanda kwa viola huku basuni inazunguka pembeni yake, kisha fidla, kisha orkestra nzima na tarumbeta.

Kwa Furtwängler ile melodi inapoanza ni kama haipo, kabla yake kuna kimya kirefu cha kubana pumzi, af unaigundua tu kwamba imeshaanza, na kwenye simu utadhani imekwama. Karajan anaianza ndogo pia ila iko wazi, imenyooka, na kila mzunguko unaongezeka kwa kipimo kile kile mpaka tarumbeta zinapofunguka. Bernstein anaipapasa, taratibu, kwa upendo mkubwa, na hapo ukikumbuka waliokaa ukumbini ni watu gani inakuwa vigumu kutolia. Gardiner haisubirishi, inatembea toka noti ya kwanza, na basuni ambayo kwa wengine unaikisia tu, hapa unaisikia neno kwa neno.

Ile rekodi ambayo hukuizima ili uende ya pili, hiyo ndo ya kwako kwa sasa.

Kulingana na hali yako

Kama hujawahi kusikiliza simfoni nzima maishani na unataka kuanza na hii, nenda kwa Karajan 1962 au Gardiner. Karajan kama unapenda sauti iliyojaa, Gardiner kama unachoka haraka. Furtwängler mwache kwanza, sio kwa sababu ni mgumu, ni kwa sababu ile mono inaweza kukukatisha tamaa kabla hujafika penyewe.

Kama unasikilizia njiani, kwenye simu na hedifoni za kawaida, hapo Gardiner ana nafuu kubwa kwa vile mistari yake iko wazi hata kwa sauti ya chini. Karajan anafuata. Bernstein na Furtwängler wasubiri ufike nyumbani, usiku, watu wamelala au wametoka.

Kama una spika kubwa na majirani wavumilivu, Karajan kwa mwili wa sauti na Bernstein kwa ukubwa wa kwaya. Furtwängler kwenye spika kubwa haongezeki sana kwa sababu mkanda wenyewe una mpaka wake, na mimi naona kwenye hedifoni nzuri ndo anakaa karibu zaidi na wewe.

Kama we ni mtu wa kwaya, anza na Gardiner ukiwa na karatasi ya noti mkononi, ufuate sauti yako, tena na tena. Ukishaijua, nenda Furtwängler usikilize ile "vor Gott" tu. Ukiwa unafundisha tena na wanakwaya wako hawajawahi kuona kwaya na orkestra kubwa pamoja, waonyeshe video ya Bernstein, kuona watoto wa Dresden wakiimba pale kutawasaidia kuliko maelezo ya wiki nzima.

Kama unamnunulia mtu zawadi na hujui ladha yake, Karajan 1962. Ni ngumu kumkosea mtu kwa hiyo. Kama unajua anapenda historia, Bernstein.

Kama umepatwa na jambo zito na unatafuta muziki wa kukubeba, nakupeleka kwa Furtwängler moja kwa moja, mono na kikohozi na yote, na anza sehemu ya tatu kisha uiache iendelee.

Kama bando ni tatizo, jua kwamba dakika 70 za kustrimu kwa kilobiti 160 kwa sekunde zinakula kama MB 84, ukiweka 320 ni kama MB 168, kwa hiyo shusha mara moja ukiwa na waifai kisha sikiliza bila mtandao. Zima kuchanganya nyimbo. Sehemu ya nne mara nyingi imekatwa vipande viwili au zaidi kwenye apu, na kwa Karajan na Gardiner kimya cha sekunde moja kati ya vipande kinaharibu kabisa ule mlipuko, nenda kwenye mipangilio uwashe ile ya kuunganisha bila pengo. Na unapotafuta usiandike jina la Beethoven peke yake, andika jina la mwongozaji, mwaka, na jina la mwimbaji mmoja: "Karajan Janowitz 1962", "Furtwängler Schwarzkopf Bayreuth", "Bernstein June Anderson Berlin", "Gardiner Orgonasova". Mwimbaji ndo anayekuhakikishia umeishika yenyewe, maana mwaka unaoandikwa kwenye apu mara nyingi ni wa kutolewa upya.